Beringi ya Ndani

Ludlow, asubuhi, theluji imeganda juu ya bati.
Kigari cha viti viwili chaunguruma frii.
Fundi Pargeter kainama, mpini wa bisibisi sikioni mwake,
ncha juu ya sanduku la gia.

"Kanyaga klachi."
Nakanyaga. Mkoromo wakatika.
"Achia."
Warudi: mchanga ndani ya kinu.

"Ingelia ukikanyaga, ningeilaumu klachi.
Hii hulia mguu ukiinuka. Imo ndani, kwenye shafti."

Tangu tumzike Mwanaidi
nafanya zamu mbili, usiku kwa mchana,
nimekanyaga hadi chini, sisikii kitu.
Jumapili tu, chai ikipoa, nyumba haina mtu,

ndipo.

Afuta grisi vidoleni, hanitazami.
"Itakufikisha nyumbani," asema.
"Ila redio usiwashe."