Kinyumenyume

Mvua ya Tukuyu haijui kwamba leo ni Jumamosi.
Inagonga bati tangu saa tisa,
na sebuleni kwetu tumejaa:
Gwamaka na soksi zake zilizolowa,
Sekela wa jirani na bakuli la magimbi,
watoto wawili ambao hatujui walikuja na nani.
Mama yuko zamu, wodi ya wazazi.
Kitambaa chake cha kufuma, cheupe, chenye tausi,
tumekikunja juu ya redio.

Ndani ya luninga wamo kumi, nyumba moja,
na kuta zina macho.
Wanapika, wanasengenyana, wanalala,
nasi tunawatazama wakilala.
Nani humtazama mtu aliyelala
isipokuwa mama, na mwizi?

Ikafika zamu ya Koku, binti wa Bukoba.
Wakamkalisha kwenye kiti chekundu,
wakamsikilizisha sauti za wenzake,
yote waliyomsema akiwa usingizini.
Akajifunika blanketi, kichwa kizima.
Kamera ikainama, ikatafuta upenyo,
ikaupata: pua, chozi,
mdomo umepinda kama wa mtoto.
Sekela alicheka hadi gimbi likampalia.
Nami nilicheka. Niseme kweli: nilianza mimi.

Na kura niliituma mimi.
Shilingi mia tano ya sadaka ya kesho
ilikuwa kwenye simu tangu Alhamisi.
"Koku atoke," nikaandika,
kwa kidole kilekile
kinachofuata mistari ya kitabu cha nyimbo.

Gwamaka akasema, macho hayana pazia, dada.
Umemvua nguo wewe? Kajaza fomu mwenyewe yule.
Sikuwa na jibu. Kweli, kajaza fomu.
Nuhu naye alijinywea mwenyewe,
hakuna aliyemshika taya.

Hapo somo la shule ya Jumapili likanikamata ukosi:
Hamu, jina lake lenyewe hamu,
hakumvua baba yake. Aliona tu,
akatoka nje kusimulia.
Ni wale wawili walioingia na nguo, wametanguliza visigino.
Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiwaza
walijikwaa wapi,
nani alimnong'oneza mwenzake, kushoto kidogo.

Walipoondoka wote, migomba ikichuruzika,
nilimchukua yule tausi wa mama,
nikaipa luninga mgongo,
nikarudi hatua, hatua,
nikagonga meza, nikamwaga maganda ya magimbi,
nikamfunika Koku bila kumtazama.
Chini ya nyuzi sauti iliendelea,
nyembamba, ikihesabu kura.
Kumbe kitambaa kina matundu.
Kimefumwa kwa matundu.

Mama alirudi alfajiri, koti limelowa,
akakiona kitambaa mahali pake.
"Leo mmekumbuka vumbi," akasema, akafurahi,
nami nikaitika.
Nikavaa joho la kwaya, bado lina unyevu,
nikapanda kilima, kengele ikilia ndani ya ukungu
kana kwamba inamtafuta mtu.
Kwenye ngazi za kanisa nikamkuta Sekela,
na kabla ya salamu, kabla hata ya kufunga mwavuli,
mdomo wangu ukanitangulia:

katoka nani?