Kiwiko cha Ndahani

Ghala la alizeti, Nkuhungu, saa kumi na mbili jioni.
Turubai juu ya magunia ya pumba,
harufu ya mashudu imetuganda hadi menoni.
Ndahani ananizidi kilo kumi na moja,
na maneno, hayo sijayapima.

Alinilalia. Akanyoosha mkono kunisukuma kidevu,
kosa dogo, kama mtu aliyeacha mlango wazi
akienda tu kuchota maji.

Nikaingia.
Mguu mmoja shingoni, mwingine kifuani,
magoti yakaumana,
kifundo cha mkono wake nikakikumbatia kama mtoto wa watu,
dole gumba likitazama bati.
Halafu nyonga. Polepole, nyonga.
Usivute, husema Kocha Chiwanga. Inuka.

Asubuhi zangu ni za zabibu, Hombolo.
Nakunja matawi, nayafunga kwenye waya,
na vidole vyangu vinapajua pale tawi
linapoacha kuwa tawi, likaanza kuwa kuni.
Halitoi sauti. Ni ukimya fulani tu
unaokaza chini ya ganda.

Ukimya uleule nikausikia kwenye kiwiko cha Ndahani.

Gonga, nikamwambia.
Akacheka kwa pua.
Gonga, we mwana wa Mwaluko, gonga!
Mkono wake wa kushoto ulikuwa huru,
umelala turubaini kama hauna habari,
na vijana mlangoni: Vunja! Vunja!

Huu wa kulia ndio unaovuta mafuta ya pikipiki,
ndio unaopeleka marejesho kila Ijumaa.
Ulibaki unywele mmoja.

Nikaachia.

Alikuwa juu yangu kabla sijapumua.
Alinishinda, kwa sheria zote.
Kocha hakunipa pole. Aliniuliza, "Umemwachia nini?"
Nilikuwa natema pumba, sikujibu.

Kesho yake, giza halijapasuka,
nikasikia honi nje. Sikuwa nimempigia.
Tukaipita Ihumwa, upepo wa Juni ukitukata masikio,
nami nyuma yake nautazama ule mkono
ukikunja, ukinyoosha,
ukikunja.

Hakusema neno mpaka shambani.
Akashusha mguu, akakinga kiganja,
akanitoza elfu nane.
Hakupunguza hata mia.