Chini ya Pengwini

Kwenye ratiba niliyoibandika mlangoni
kila Jumanne ina jina lake.
Jumanne ya Kaa: tunatambaa kinyumenyume kwa viganja.
Jumanne ya Mwezini: tunaruka polepole, tumeshiba hewa.
Jumanne ya Posta: tunapeleka vifuko vya maharagwe
kwenye nyumba zisizo na namba.
Ya nne nilikuwa nimeandika Sakafu ni Lava.
Nikaikata kwa kalamu nyeusi, mara tatu,
siku walipoletwa wale tisa kwa basi
kutoka mji ulio chini ya mlima unaotema moto.
Juu yake nikaandika: Pengwini.

Hlynur ana miaka sita na jino moja linalocheza.
Anajua kusoma, na balaa lake ndilo hilo,
husoma hata kilichofutwa.
"Mwalimu, chini ya pengwini kuna nini?"
"Nilikosea kuandika," nikasema.
"Hukukosea. Ni lava. Tucheze, sisi tunaijua."

Saa nne asubuhi, na jua la Aisilandi bado limelala.
Nikatandaza magodoro ya buluu, benchi, pete za plastiki,
na yule farasi wa mbao asiye na kichwa.
Nikatoa sheria nilizofundishwa chuoni:
filimbi ikilia, sakafu inawaka,
anayekanyaga ametoka.
Wale tisa wakanitazama
kama mtu anayepima bahari kwa kijiko.

"Hatoki mtu," akasema Álfrún,
mikono kiunoni, soksi moja imeporomoka.
"Kwanza king'ora. Halafu mnahesabiana.
Halafu mmoja anamtafuta paka.
Paka haonekani. Mnaondoka bila paka.
Na lava haikimbii, mwalimu. Inatembea
kama mgeni anayejua mlango uko wapi."

Filimbi nikaitia mfukoni.
Dagbjört akawa king'ora, vioo vikatetemeka.
Wakahesabiana: moja, mbili, saba,
rudia, wewe umejihesabu mara mbili.
Na watoto wa hapa, waliozoea kushinda na kushindwa,
wakajifunza upesi kungoja, kunyoosha mkono,
kuvutana kutoka godoro hadi godoro,
mpaka ishirini na wawili wakabanana kwenye benchi moja
kama samaki kwenye uchaga.
Mguu wa Brynjar ukateleza, ukagusa chini.
Kimya.
Kisha wote wakampuliza kidole gumba,
fuu, fuu,
hadi akasema kimepoa.

Hapo ndipo Álfrún aliposhuka.
Hakuruka. Alitembea juu ya mbao tupu
hadi kona ya mbali, ambako tangu Jumanne ya Posta
kifuko kimoja kilikuwa kimesahauliwa.
Akakiokota, akakitia ndani ya fulana,
akakishika kwa mikono miwili
namna ya kushika kitu chenye makucha,
akarudi.
Hakuna aliyepiga kelele kwamba ameungua.

Kengele ilipolia nikaanza kukunja magodoro.
"Moja liache mlangoni," akaniambia,
akivaa viatu, bila kuniangalia.
"Bado ni ya moto."

Nikaliacha.
Jioni akaja Sturla na ndoo yake na ufagio,
mtu wa maneno machache, goti bovu.
Akaliona godoro. Akaitazama sakafu.
Akanitazama mimi.
Akaweka ndoo kando,
akakunja suruali,
akauliza imefika wapi.