Mkate wa Kumimina

Daktari kaigeuza skrini nikione kiuno changu:
matundu, matundu, matundu.
"Mkate wa kumimina," nikamwambia,
naye, mtu wa Nizwa asiyejua Kiswahili,
akadhani nimeomba dua, akaitikia amina.

Damu yako, akasema, imeasi ndani ya uboho,
inakula nyumba ilimozaliwa.
Ipo sindano ya tumboni kila Jumanne,
vipo vidonge, na ipo kazi yako mwenyewe:
mifupa, Bi Shinuna, haipendi kukaa.
Kutembea hakutibu. Kunashikilia.

Basi toka mlango wa majlisi
hadi mashine ya kufulia ni hatua kumi na nane.
Huko nje Mabela lami inachemka tangu saa moja,
mimi naenda na kurudi humu ndani,
kanga kiunoni, raba za mjukuu miguuni,
chupa mbili za maji ndizo vyuma vyangu.
Kuinuka kitini bila kushika: jana mara saba,
leo tano.
Leo tano, basi. Goti nalo lina maneno yake.

Ramadhani ikaingia.
Miaka hamsini na mbili sijaonja kitu mchana
ila zile siku zetu wanawake.
Daktari akazitaja figo, akakataza kiu.
"Ukitaka kufunga, funga jiko usiku,
mchana maji, na maji, na maji tena."
Nimekuwa popo wa nyumba hii:
wenzangu wakinywa uji wa daku, mimi nimefumba mdomo,
wenzangu wakifumba, mimi nameza.
Fidia nimelipa, mchele, kibaba kwa kibaba.
Aibu haina kibaba.

Nilikuwa nakunywa nyuma ya mlango wa friji,
nimeinama kama mwizi wa kuku,
na kuinama ndiko nilikokatazwa.
Mundhir akanikuta.
Miaka minane, saumu yake ya kwanza,
midomo imempauka kama ukingo wa chungu.
Glasi ikanigonga jino.
Hakusema kitu. Aliyatazama maji
mpaka yakatulia.
Kisha akavuta kiti, akakiegemeza ukutani:
"Bibi, maliza. Halafu tembea, mimi nahesabu."

Nikamaliza, mbele yake, nimenyooka.
Nikatembea.
Akahesabu kwa Kiarabu cha shule, sauti kavu,
na baada ya kumi na moja akaruka kumi na tatu,
kiu hiyo.
Sikumsahihisha.
Nilipofika kwenye mashine nikarudi nyuma hatua moja,
nikailipa.