Nusu Saa ya Maji

Nilimwambia Rayya: tuuze fleti ya Ruwi,
tuhamie kwenye mitende ya marehemu baba yako,
tule tulichopanda.
Akacheka mpaka akashika mbavu.
"Wewe? Uliyemwagilia waridi la plastiki?"
Ni kweli. Mwaka mzima, pale mapokezi ya ofisi.
Hakuna aliyeniambia.

Tukahama mwezi wa pili. Nje kidogo ya Ibra,
ukuta wa udongo una mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba,
mitende kumi na tisa, midimu miwili, na deni.
Nilikuja na paneli za jua,
na mbegu za bamia kutoka Unguja ndani ya kopo la maziwa,
na daftari. Daftari hasa.
Miaka thelathini na moja nilikaa idara ya bili za umeme;
kinachoingia, kinachotoka, hiyo ndiyo kazi niijuayo.

Nyanya za mwaka wa kwanza: kumi na moja.
Mbolea, neti ya kivuli, pampu iliyoungua,
nikajumlisha, nikagawa:
kila nyanya riali kumi na nne.
Ile ya kwanza tuliila kwa chumvi, kimya,
kama watu wanaotafuna pete.

Mwezi wa tano gharbi ikavuma kutoka jangwani
siku tatu, mdomo wazi.
Bamia zikafa zimesimama,
majani yanachakarika kama risiti za zamani.
Mbuzi naye akaingia barazani
akala Machi yote na nusu ya Aprili.
Sasa sijui tulitumia nini. Rayya anasema afadhali.

Aliyenionyesha kupandisha mitende ni Shahidul wa Komila.
Kiswahili alikiokota kwa mama mkwe wangu,
matusi kwanza, salamu baadaye.
Yuko juu, kamba kiunoni, unga wa dume begani,
ananiambia, "Shika ngazi, bwana. Usiangalie simu."
Mimi chini nimeshika ngazi kwa mkono mmoja,
kwa mwingine nimeshika daftari,
ukurasa wa kwanza nimeandika kwa wino mwekundu:
TUNAJITEGEMEA.
Unga wa ua ukanidondokea kwenye maandishi.
Nikaziona nyayo zake, nyufa zake, mwaka wa ishirini na mbili huo
anapanda mitende isiyo yake.
Nikakata silabi moja tu, *ji*.
Lililobaki likasomeka vizuri zaidi.

Fungu letu la falaji ni nusu saa, kila siku ya nane.
Si saa moja. Si "nikipata nafasi".
Juma lile zamu iliangukia saa nane za usiku,
na mimi, mkulima, nikalala fofofo.
Nilizinduka saa tisa kasoro,
nikatoka mbio peku na tochi, moyo unanipiga kofi:
nusu saa imekwenda, midimu imekwisha.

Midimu ilikuwa imesimama ndani ya maji.
Mdomo wa mfereji umezibwa kwa jiwe na tambara la maua ya zambarau.
Nalijua lile tambara. La Bi Ghaniya,
mwenye zamu kabla yetu,
ambaye tangu tuhamie hajaniitikia salamu vizuri.
Asubuhi nilimrudishia, limefuliwa, limekunjwa.
Akalipokea. Akauliza bamia zimeota?
Nikasema nne.
Akasema, "Nne si haba," akafunga mlango.

Thuwaiba anapiga simu kutoka Maskati:
"Baba, mnakula nini huko?"
Naangalia mkekani. Tende zetu. Yai, letu.
Ndimu, zetu. Papa mkavu wa Sur,
mchele wa dukani, gunia la kilo ishirini.
Namwambia yote, pamoja na gunia.

Siku hizi naamka kabla ya kengele.
Nakaa ukingoni, jembe magotini, tochi nimeizima.
Maji hayaji kwa kelele.
Kwanza vyura hunyamaza.
Kisha, mbali, karibu na kwa Bi Ghaniya,
udongo unakohoa.