Mwiba

Barua ilikuwa na aya mbili.
Ya kwanza ilinishukuru.
Ya pili ilisema "mahitaji ya kampuni,"
kana kwamba kampuni ina tumbo,
na tumbo linauma,
na dawa yake ni mimi kuondoka.

Miaka kumi na tisa pale Calbuco nimesimama
mbele ya mkanda usiochoka,
koleo ndogo mkononi, vidole ndani ya glavu mbili,
nikichomoa miiba ya samoni
ili koo za watu wa mbali zisikwaruzwe.
Mwiba mmoja ukipita, jina lako linaandikwa ubaoni.
Langu liliandikwa mara mbili.
Mara mbili, kwa miaka kumi na tisa.

Nilirudisha buti, aproni, kofia ya wavu.
Kufuli sikurudisha.
Kufuli nilinunua mwenyewe.

Siku tatu niliamka saa kumi alfajiri,
nikavaa soksi za sufu, nikakaa kitandani
nikisikiliza basi la kiwanda
likipiga honi kwa jirani, likipita kwangu kimya.
Mama hakuuliza.
Alimenya viazi vingi kuliko tulivyo watu.
Siku ya nne akasema, kisu hakikusimama:
"Eduvina, hiyo aibu uliyoibeba ni ya nani?"

Rosamel wa nyumba ya tatu alifukuzwa mwaka juzi.
Alitia saini akiwa amesimama,
maana aliona haya kumweka wakili akisubiri.
"Nilikuwa na adabu," husema, na kucheka kikavu.
Adabu ile ilimla likizo za miaka miwili.

Basi nikaenda Puerto Montt, ofisi ya wakaguzi wa kazi,
namba themanini na nne, mvua ikipiga bati.
Afisa alikuwa na mafua.
Akapangusa miwani, akasoma barua, akasema:
"Usikimbilie saini.
Kwa fidia, sheria inakuhesabia miaka kumi na mmoja."
"Na minane mingine?"
Akanitazama. Akapiga chafya.
Hapo nikajua sheria si mama.
Ni koleo: huchomoa inachokifikia.

"Lakini sababu waliyoandika unaweza kuipinga.
Kabla ya jina lako, andika kwa mkono wako
kwamba unahifadhi haki yako ya kudai.
Mstari mmoja. Wasikwambie nafasi haitoshi.
Kisha hesabu siku,
mlango huo haukai wazi milele."

Ijumaa, kwa mthibitishaji.
Wakili wa kampuni, kijana, viatu visivyojua tope,
alishachora msalaba wa penseli pa kutia saini.
"Hapa tu, mama."
Nikasoma kama ninavyofanya kazi,
kidole kikitangulia, jicho likifuata.
Ukurasa wa kwanza laini.
Wa pili laini.
Kwenye wa tatu kidole kikagota:
*sina dai lingine lolote.*
Huo hapo.

Mkono ulitetemeka, nisiseme uongo.
Herufi zangu zilipanda kilima,
ya mwisho ikagusa muhuri.
Wakili akatazama saa, akatazama mstari.
"Nani amekufundisha haya?"
Nilitaka kusema: samaki.
Nikasema: "Mtu mwenye mafua."

Sijui nitapata nini.
Pengine kidogo, pengine shauri litakula mwaka.
Lile kufuli sasa linafunga banda la kuku la mama,
ufunguo uko shingoni mwangu.
Na usiku ule nilinunua samaki wa bei rahisi,
yule mwenye miiba mingi,
nikamla bila haraka,
nikiitema mmoja mmoja pembeni mwa sahani.
Hakuna aliyeandika jina langu ubaoni.