Mizani ya Jicho la Kushoto

Mshale wa mizani ulianza kupinda msimu wa jana.
Nikaita mafundi. Wakafungua, wakapuliza vumbi,
wakaning'iniza jiwe la kilo ishirini, wakasema:
Karani Mnalima, mizani haina neno.
Niliwanunia siku tatu.

Misimu ishirini na sita ghalani Tandahimba
nimepima gunia la mjane na gunia la diwani
kwa jicho moja.
Sasa fremu ya mlango imeota tumbo,
na nikimtazama mjukuu wangu Shamimu
ni kama kabandikwa jani la mkorosho usoni:
naona hereni, naona ushungi,
mwenyewe simwoni.

Mtwara mjini, Daktari Mkwera alinitia matone,
akanimulika hadi nikahisi taa imegonga kisogo.
"Sukari," alisema. Nikamjibu, chai ya sukari niliacha.
"Ya damu, mzee. Mishipa ya nyuma ya jicho inavuja.
Maji yametuama kwenye retina, pale pale pa kusomea."
Akachora juu ya bahasha: duara, nyuzi, kidimbwi.

Njia zipo, alisema. Hakusema tiba; nililisikia hilo.
Leza, kuchoma pembeni ili katikati pasalie,
kama tunavyochoma kando ya shamba moto usifike kwenye mikorosho.
Sindano, ndani ya jicho, ndiyo, ndani,
kila mwezi, tatu kwanza, halafu tutazame.
Na sukari yenyewe, asubuhi kwa asubuhi, mpaka kaburini.
"Nitapona?"
"Utabaki na ulichonacho. Pengine na kidogo juu yake."
Mpimaji mwenzangu huyu. Hakuzidisha hata gramu.

Sindano moja: kilo themanini za daraja la kwanza,
kabla ya makato.
Bi Esha akasema mnada bado wiki tano.
Kisha akauza cherehani bila kuniuliza.

Kope zilibanwa kwa kichuma. Tazama juu, kushoto.
Nilijiandaa kwa moto; ukaja msukumo tu,
kama mtu anayepita mlango mwembamba na kukugusa bega.
Halafu vitone vyeusi vikaelea, mbegu za papai ndani ya maji.
Usiku kucha nilizihesabu. Kazi ni kazi.

Ukutani, kando ya kalenda ya chama cha ushirika,
nimebandika karatasi ya miraba niliyopewa.
Kila alfajiri nafunika jicho la kulia.
Mstari wa nne umenyooka tangu sindano ya pili.
Wa tano bado unatembea kilevi.
Ya tatu ni Jumanne.

Jana niliwapelekea mafundi kikapu cha ming'oko.
Hawakuuliza cha nini.
Wakakitundika, kwa mzaha, kwenye mizani ile ile.
"Nne na robo," wakasema.
Nikasogea, nikasogea tena.
Mimi nilisoma nne na nusu,
nikawaachia robo yao.